Mchanga Uliokuwa Chini ya Baba

Mchanga mzuri hauko juu. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza kuhusu shimo la nyuma ya nyumba yetu kule Kurui, na nililijifunza kwa kuchelewa, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo wakati hela ameshaila. Juu kuna udongo mwekundu, mgumu, unaokatika vipande kama mkate wa jana. Huo wanauita kifusi. Wanajazia misingi ya nyumba na mashimo ya barabara, na bei yake ni ya kuonea huruma. Ukiukata huo ukashuka zaidi ya kimo cha mtu, unakutana na tabaka jeupe, la chenga kavu, ambalo ukilishika linakutoka vidoleni kabla hujafumba mkono. Hilo ndilo lililoyaleta matipa mpaka kwetu, kwa barabara ambayo hata bodaboda wanaipangia bei mbili: bei ya kwenda, na bei ya kufika.

Baba yetu alilala katikati ya vitu hivyo viwili. Tulimzika kwenye kifusi, karibu na dirisha la mama, na mchanga mzuri ulikuwa chini yake. Siku ya maziko hakuna aliyejua. Wachimba kaburi waliusifu udongo: "Huu unashika, mwanandani hautabomoka." Mwanandani ni ule uwazi unaochimbwa ubavuni mwa kaburi, chini kabisa, upande wa kibla, maiti analazwa humo kisha anazibiwa kwa mbao. Kwa hiyo ukisimama kwenye kaburi la baba, wewe uko hapa, yeye yuko pembeni kidogo, chini, upande wa bondeni. Nakuomba ulishike hilo. Mimi sikulishika.

Kwa kazi, nauza mitumba Kibaha. Belo likifunguliwa nahesabu nguo mara mbili: mara ya kwanza nijue nimepata nini, mara ya pili nijue nimeibiwa nini. Wenzangu sokoni wananitania kwamba hata kwenye msiba nahesabu sahani. Kweli, nahesabu. Sahani za msibani ndizo zinazopotea kuliko zote.

Ndiyo maana familia ilipoamua kuuza mteremko wa nyuma ya nyumba, nilipigiwa simu mimi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyebaki Kurui na mama. Ana moyo mweupe. Hajawahi kununua fungu la nyanya asirudi na moja iliyooza, na bado akamwombea muuzaji dua. Mikorosho ya mteremkoni ilikuwa imezeeka. Mihogo ilikuwa ya nguruwe pori. Sisi tulikuwa tunawalimia tu. Majirani wa pande zote mbili walishauza, na tukawa tunaishi kwenye kilima ambacho zamani kilikuwa tambarare.

Mama alikuwa na sharti moja. Alilisema akiwa anapepeta mchele, bila kuinua macho.

"Chimbeni mpaka mkutane na majini wenyewe. Lakini baba yenu asisikie jembe. Na mimi hapa sitoki. Tulikaa wote, tutatoka wote."

Mwenye matipa alikuja amevaa viatu vyeupe, akakataa kukaa kwenye mkeka.

"Sista, nipe mteremko wote tumalize mchezo."

"Mteremko una mwenyewe."

"Nani tena? Si nimeambiwa ninyi ndio wenyewe?"

Nikamwonyesha kaburi. Akavua miwani, nadhani ndiyo heshima aliyokuwa nayo mfukoni siku ile.

"Basi na yeye tumpe chake."

"Chake ni hii kamba."

Ilikuwa kamba ya mkonge ya mama ya kuanikia nguo. Nilifunga ncha moja kwenye jiwe la kaburi, nikaivuta kuelekea bondeni mpaka ikaisha, nikapigilia kigingi. Nikafanya hivyo pande zilizobaki. Nikarudia tena kupima zote, maana kamba ya mkonge ikiloa inafupika na ikikauka inarefuka, na mimi sikutaka kudhulumiwa na umande.

"Sista, umetumwa na nani wewe? Mbona unabana hivi?"

"Nimetumwa na marehemu."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mwenye matipa naye alicheka, kisha akakubali. Hakuniomba nipunguze hata unyayo mmoja. Hapo ndipo kichwa kilipaswa kuniuma. Wasichana wanaonisaidia dukani nawaambia kila siku: mteja akikubali bei ya kwanza, kirudie ukiangalie ulichomuuzia.

Badala ya kuumwa kichwa, nikaongeza na langu. Nyumba yangu ya Kibaha ilikuwa matofali matupu kwa miaka, upepo unapita kwenye viungo ukipiga mluzi. Nikadai katika malipo yetu niletewe mchanga wa plasta mpaka mlangoni. Mweupe, wa chini kabisa, usiochanganyika na kifusi. "Na uwe wa mwisho mwisho," nikasema, "mkishafika kwenye wenyewe." Akakubali na hilo. Niliondoka Kurui nikijiona mjanja wa wilaya mbili.

Wachimbaji walikuja na nyapara wao, mwanamume mwembamba wa Maneromango, taulo shingoni masika na kiangazi. Zana zao zilikuwa sururu, machepe na mitaimbo, basi. Nilikuwa nikienda kuwaona kila nilipoweza, kwa sababu mali ikiwa kwenye mikono ya watu inakula macho yako kwanza. Walianza kwa kukata kifusi kutoka bondeni, wakipanda nacho. Walipofika kwenye tabaka jeupe walibadilika, wakawa wepesi, kama watu walioonja kitoweo. Hawakupoteza tena nguvu kukata juu. Waliingia kwa chini: wanachota mchanga kutoka ubavuni, wanaingia, wanachota, na kifusi kinabaki juu yao kama dari. Wakikihitaji, mmoja anapanda, anakipiga mtaimbo kwa juu, kinaporomoka chenyewe mpaka chini, tayari kwa kupakiwa.

Nilimuuliza nyapara uchimbaji wa namna ile unaitwaje.

"Sisi tunauita mwanandani, dada."

"Mna mdomo mchafu."

"Ndiyo ulivyo. Unashuka, halafu unaingia ubavuni." Akajifuta uso. "Tofauti yake ni kwamba sisi jioni tunatoka."

Nilicheka. Sikupenda, lakini nilicheka. Kisha nikapanda juu, nikaangalia vigingi vyangu vyote, nikavihesabu na kurudia, nikapanda bodaboda.

Kiangazi kilikuwa kinaisha kaka aliponipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku akiangalia nyuma.

"Mama anasema akisali alfajiri, akisujudu, anasikia kitu kinagonga chini."

"Chini ya wapi?"

"Chini ya kaburi la baba. Anasema baba anagongwa."

Nikaenda siku hiyo hiyo. Juu kulikuwa shwari. Vigingi vyote vilikuwa vimesimama nilivyoviacha, majani yameota pembeni yake. Kamba ilikuwa palepale uani, ina kanga mbili za mama. Nikazianua, nikapima. Kaburi, kigingi. Sawasawa. Nikapima tena. Sawasawa. Mama alikaa kizingitini akinitazama.

Ndipo nikashuka shimoni. Ilikuwa saa ya chakula, wachimbaji walikuwa wamekaa mbali wakila ugali kwenye sinia moja. Nilisimama chini ya kigingi cha upande wa bondeni. Nilikiona kichwa chake juu, ukingoni, kimesimama kwa heshima zote kama askari asiyejua kwamba kambi imeshatekwa. Chini yake palikuwa na pango. Nikafunga ncha ya kamba kwenye jiwe la pale chini, usawa wa kigingi, nikaingia nayo.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Mchanga ulikuwa ukidondoka darini chembe chembe, ukitoa mlio mdogo kama wa mtu anayepuliza chai. Nilitembea nikiifungua kamba mkononi. Nilijua watakuwa wamekivuka kigingi kidogo. Nilishajiandalia na maneno ya kumwambia mwenye matipa. Kamba ikaisha. Nilinyoosha mkono mbele nikitafuta ukuta wa pango, nikapapasa hewa.

Kamba ile ilikuwa ni umbali kutoka kigingini mpaka kwa baba. Nilikuwa nimesimama chini ya baba yangu, na mbele yangu bado kulikuwa na nafasi ya kuendelea kutembea, kuelekea chumba cha mama.

Sikuangalia juu. Nilitoka kinyumenyume, nikikunja kamba.

Mwenye matipa alipokea simu kwa furaha, kama kawaida ya watu wanaokudhulumu.

"Sista! Vigingi vyako vimeguswa?"

"Havijaguswa."

"Kamba imepungua?"

"Haijapungua."

"Sasa ugomvi uko wapi?"

"Umechimba chini ya kaburi."

"Chini tulipima wapi, sista? Wewe ndiye uliyepima. Mimi nilisimama tu hapo na viatu vyangu."

Nimepatana na watu wengi maishani, wenye maneno na wenye visu. Huyu alinishinda kwa kamba yangu mwenyewe. Nilimwambia arudishe kifusi, ajaze pango. Akaniambia kifusi changu kiko chini ya barabara ya watu, na watu wanaipita. Kesho yake aliondoa matipa yake. Wingu lilikuwa limeanza kukaa upande wa bahari, na shimo likinyeshewa magari yanakwama. Shimo likabaki letu. Ofisi ya kijiji walikuja, wakachungulia wakiwa mbali, wakasema mama ahame nyumba leo hii.

"Ahamishwe na nani?" mama akauliza. "Nikiondoka, huyu nani atamwambia nimekwenda wapi?"

"Mama, nyumba itaanguka," nikasema.

"Si ulipima?"

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana nililisikia mpaka kwenye meno.

Kaka alimwendea shehe wa msikiti wetu. Shehe alikuja, akaitazama ardhi, akasema kaburi halifukuliwi kwa kupenda, ila kwa dharura inafaa, na kama hii siyo dharura basi yeye haijui dharura. Baba ahamishiwe makaburi ya msikitini. Mama akasema baba akihamishwa, ametimia, bila kuachwa kipande, naye anafungasha. Kwa hiyo mama alikuwa tayari kutoka. Kilichobaki kilikuwa ni mtu wa kulifukua kaburi kabla mvua haijalifukua yenyewe.

Wazee wanaochimba makaburi kijijini walikuja na majembe begani. Mmoja alipiga jembe mara moja, mbali kabisa, na sote tukausikia mchanga ukimwagika kule chini, mwingi, muda mrefu. Akaliinua jembe lake polepole, akalirudisha begani. "Hii siyo ardhi," akasema. "Hili ni dari." Wakaondoka. Sikuwalaumu. Wingu lilikuwa limeshavuka, sasa lilikuwa juu ya Kisarawe yote.

Watu pekee waliojua kutembea kwenye dari la aina ile ni wale waliolitengeneza. Nikapanda bodaboda mpaka shimo jipya walilokuwa wanachimba, karibu na Maneromango. Njiani nilijipangia bei: nitakayoanza nayo, nitakayofikia, na ile ambayo Mungu tu ndiye angeijua. Nilimkuta nyapara anakunywa uji.

"Nina kazi," nikamwambia. "Taja bei."

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo haina bei, dada."

"Kila kitu kina bei. Anza wewe."

"Kaburi halipatanwi. Kwetu hakuna mtu anayelipwa kwa kuchimba kaburi, kuzika au kufukua. Hata mimi, pamoja na mdomo wangu mchafu."

"Basi nikuongezee nauli."

"Dada."

"Chakula cha vijana."

"Dada, nyamaza."

Nikaacha kuongeza. Hujui ulivyo uchi mpaka upeleke shida yako kwa mtu na hataki hela yako. Kama angetaja bei, ningekuwa na la kufanya. Ningelia, ningepunguza, ningeondoka hatua tatu ili niitwe. Nilisimama pale mikono ikining'inia. Yeye akaangalia wingu, akaangalia vijana wake, akaniangalia mimi.

"Unadhani sikujua tulipofika?" akasema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia bosi. Akasema vigingi viko juu. Mimi nina watoto, nikashika chepe." Akamwaga uji uliobaki. "Nitakuja kesho alfajiri, kama haijanyesha usiku. Ikinyesha, sitakuja na usinitukane. Nitafutieni kamba ndefu, ngumu, siyo ile yako ya kuanikia. Na mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa nyumba. Nitalala juu yake."

Haikunyesha. Sijui niliomba kwa nani na kwa lugha gani, lakini haikunyesha.

Kaka aliung'oa mlango wa mbele wa nyumba ya mama kwenye bawaba zake. Waliulaza juu ya ardhi kando ya kaburi, polepole, kama watu wanaomlaza mtoto aliyelala. Nyapara akafunga kamba kiunoni, akavua ndala, akajilaza kifudifudi juu ya mlango ili uzito wake usambae. Sisi tulirudishwa nyuma mpaka kwenye mkorosho mmoja uliobaki. Kaka, mimi na vijana wa nyapara tukaishika kamba. Mama alikaa uani kwenye mkeka, mgongo kwetu, tasbihi mkononi, mbele ya nyumba isiyo na mlango.

Hakutumia jembe. Alichimba kwa mikono na bakuli la plastiki, udongo akiujaza kwenye karai, nasi tukilivuta karai kwa kamba nyingine, kwa adabu, lisiburuze. Angalau siku ile sharti la mama lilitimia: baba hakusikia jembe. Kazi ilikuwa ya taratibu kiasi kwamba ulisikia tasbihi. Kila aliposhuka kidogo, nyapara alikuwa anatulia, anaweka sikio kwenye udongo, anasikiliza, kisha anaendelea. Jua lilitoka, likafichwa. Upepo wa mvua ukaanza kutikisa mkorosho. Mkono wangu ulikuwa umeshika kamba mpaka hauna hisia, na nilikuwa nasema moyoni, shikilia, shikilia, sijui nikimwambia nani, yeye au kile kifusi.

Alikuwa ameshaingia kaburini kichwa mbele, mpaka mabegani, miguu yake juu ya mlango, alipoacha kusogea.

"Vipi?" kaka akaita.

Kamba haikutikisika.

"Vipi, ndugu yangu?"

"Mbao nimeziona." Sauti ilikuwa inatoka mbali. Kisha akasema, kama mtu asiyetaka kusikika: "Naona mwanga."

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaizungusha kamba mkononi mara moja zaidi. Huwezi kuona mwanga ndani ya mwanandani. Mwanandani umezibwa na udongo pande zote, ila wa baba, wa upande wa bondeni, ulikuwa umeshafunguliwa kwa chini. Lile pande la udongo alilolalia baba lilikuwa limedondoka pangoni, na mwanga wa asubuhi ulikuwa unapanda kutoka shimoni mpaka kwake.

Shehe alitoa sanda mpya. Nyapara alipokea, akawa anafanya kazi ambayo sisi hatukuiona, ni mgongo wake tu uliokuwa ukienda na kurudi. Kisha furushi likapanda, jeupe, dogo. Kaka alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi mno. Nilijua kwa namna mikono yake ilivyopaa.

Nyapara alipotoka, alitambaa kinyumenyume juu ya mlango mpaka kwenye ardhi ngumu. Mlango tuliuacha. Hakuna aliyethubutu kwenda kuufuata.

Shehe alifungua furushi nyuma ya nyumba ili ampange marehemu vizuri. Nilisimama karibu. Sikutaka kuhesabu. Naapa sikutaka. Lakini macho yangu yamefundishwa kazi moja, na yaliifanya: yakahesabu mara moja, yakarudi yakahesabu tena. Idadi siiandiki hapa. Shehe aliniangalia, nikamwangalia, akaifunga sanda.

Mama alikuwa ameinuka. Alikuja mpaka mbele yangu, siyo mbele ya kaka wala ya shehe. Alinishika mkono, ule uliokuwa umeliwa na kamba.

"Wewe ndiye unayehesabu," akasema. "Baba yako ametimia?"

Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa, ya mbalimbali. Mlango ulikuwa umelala pale juu ya dari, na nyuma yake nyumba ilikuwa wazi. Ningesema hapana, asingeondoka. Angekaa kwenye nyumba isiyo na mlango akisubiri waliobaki.

"Ametimia, mama."

"Umerudia?"

"Nimerudia."

Akaliangalia furushi, akaniangalia mimi, akaenda kuchukua mtandio wake. Tulimzika baba msikitini kwenye mvua. Nilimvuta nyapara pembeni ya ukuta.

"Vilivyoanguka chini viko wapi?"

"Chini tulishasomba, dada. Mchanga tuliusafisha mpaka ukutani kabla hatujaondoka. Wakati ule hakuna aliyeona kitu. Chepe likienda, linakwenda."

"Gari za mwisho zilikwenda wapi?"

Alikamua taulo lake muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Moja sikumbuki. Nyingine ilikuwa ya kwako. Si ulisema mweupe, wa mwisho mwisho?"

Mlango uliondoka jioni ile ile. Kaka alikuwa anafunga magodoro kwenye gari aliposikia, anasema haukuwa mlio wa kuanguka, ulikuwa kama mtu mkubwa anayekaa chini akiwa amechoka. Kaburi, jiwe, vigingi, mlango, vyote vikaenda. Chumba cha mama kilifuata siku chache baadaye, hakuna mtu ndani.

Sasa mama yuko kwangu Kibaha, kaka amepanga chumba mtaa wa pili. Kuta zangu fundi alishazipiga plasta kwa mchanga ule kabla mama hajaja; ni laini, nyeupe, na wageni wanasifu. Mama analala chumba cha nyuma. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimwona amekaa kitandani, kiganja kimelala ukutani, nami nikipita haraka na ndoo yangu kana kwamba nawahi moto jikoni.

Fundi wangu ni mtu wa kazi safi. Mchanga wa plasta hauweki ukutani kabla hajauchekecha kwenye wavu. Unaopita ndio ukuta. Usiopita, yaani chenga, vijiwe, mizizi na chochote kingine, alikuwa anautupa nyuma ya nyumba, chini ya mpapai. Lundo hilo lilikuwa pale muda wote. Kuku wanalichakura. Watoto wa jirani wanalipanda. Nilikuwa nimelipita kila siku nikienda kuanika.

Asubuhi moja mvua ilipopumzika, nikachukua ungo nikaenda kuchuchumaa pale. Nikawa nachota, napepeta, natandaza, naokota, naweka pembeni. Vitu vingi vilikuwa vijiwe. Vingine nilivigeuza mara nyingi kwenye kiganja na bado sikujua, na hivyo nikaviweka kwenye kipande cha kitambaa nilichokuja nacho, huenda vikawa vyenyewe.

"Unatafuta nini?" Mama alikuwa dirishani.

"Hereni, mama. Imenidondoka."

"Hereni gani?"

"Ile ya dhahabu."

Akaliacha dirisha. Nilisikia ndala zake zikizunguka nyumba, polepole, mguu mmoja ukiburuzika. Akaja akasimama juu yangu. Alinyoosha mkono akanishika sikio la kulia, kisha la kushoto, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo akinikagua kabla ya shule.

"Masikio yako yote yana hereni," akasema.

Hereni yangu haikuuzika. Niliangalia chini, kwenye ungo.

Mama akapandisha kanga yake, akajishusha taratibu kwa kuegemea bega langu mpaka akakaa kwenye udongo mbichi. Akakivuta kile kitambaa, akakifungua, akaangalia kilichokuwamo. Kimoja baada ya kingine alivitupa, kwa uhakika, kama anayechagua mchele. Kimoja hakukitupa. Alikifutia kwenye ukingo wa kanga, akakiweka mapajani mwake.

"Wewe huvijui," akasema. "Mie nilikaa naye. Chota, unipe huku."